Mlango wa Nnalongo Uliozaa Kumbikumbi

Vijana wangu wa karakana, mmeniomba mara tatu niwaandikie namna ya kuchagua mbao za milango na madirisha, mbao ambazo mwenye nyumba atazikuta zimesimama hata akienda Juba akarudi na mvi. Mara ya kwanza nilidhani mnanitania, maana nilipokuwa kazini niliyasema mambo hayo kila asubuhi na hakuna aliyesikiliza isipokuwa kuku wa jirani. Sasa nimestaafu, nimekaa hapa Makindye na mgongo wangu, ndiyo mnayataka maneno yangu. Haya. Ila sitawapangia orodha. Nitawaeleza habari ya Papa Bisimwa na mlango mmoja wa Kyebando, na humo ndani mtaokota ya kuokota.

Papa Bisimwa ndiye aliyenipa benchi ya kufanyia kazi nilipovuka mpaka wa Busia kutoka kwetu Kenya, nikiwa na patasi mbili na majivuno mengi. Yeye alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mfupi, mwimbaji wa kwaya, na fundi wa milango kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hakununua ubao kabla ya kuulamba. Alisema mvule ni mchungu wa kistaarabu, musizi hauna ladha ndiyo maana haudumu, na ubao mbichi una ladha ya maji ya mtungi. Wauza mbao wa Ndeeba walimzoea. Wakimwona anakuja, mmoja huchukua kitambaa akafuta ncha ya ubao, kama anayemwandalia mgeni sahani.

Nilimcheka kimoyomoyo, lakini sikumwona akikosea. Mvule aliounusa na kuulamba ukawa mlango, mlango huo mpaka leo unafungwa na kufunguliwa.

Kisha mvule ukaadimika. Tukaanza kuletewa payini iliyotiwa dawa kwa mashine, ile inayosukumiwa dawa kwa nguvu mpaka inaingia ndani ya mti, na ubao unatoka na rangi ya kijani. Papa Bisimwa aliutazama ubao wa kwanza wa namna hiyo kwa muda mrefu. Watu wote walikuwa wanamngoja. Akaulamba.

Alilala siku tatu. Tumbo lilimsokota, na ulimi ulikufa ganzi hata kusema hakuweza. Mteja alikuja kitandani kuagiza kazi, Papa akajibu kwa vidole, na matokeo yake tulimtengenezea madirisha manne mtu aliyetaka mlango mmoja. Kwa hiyo sikieni vizuri: ubao wa dawa haulambwi. Dawa ile ni sumu, ndiyo maana mchwa wanaikimbia. Ukiukata, jifunge kitambaa puani. Vipande vyake msichomee ndizi za gonja, wala msivitengenezee mwiko au ubao wa kukatia nyama, hata kama mke wako anasifu ile rangi.

Ulimi ulipofufuka, mzee alianza kusoma kazi upya, katika umri ambao wenzake walikuwa wanasoma Zaburi tu. Alikata, akapasua, akalinganisha. Ndipo akanifundisha jambo hili ambalo nataka mlishike kuliko yote: ubao wa dawa usiuangalie ngozi, uangalie tumbo. Usiutazame mwishoni pia, kwa sababu mwishoni dawa huingia hata kwa kuchovya tu. Mwambie muuzaji akupe ubao mmoja katika lundo, uukate katikati kwa msumeno, utazame ulipokatika. Kama kijani imeingia ndani, hasa katika ile sehemu ya nje ya mti iliyo laini, huo umetiwa dawa. Kama kijani imekaa juu juu na ndani ni mweupe, umepakwa rangi, na aliyekuuzia anakutazama usoni akisubiri uondoke. Muuzaji akikukataza kukata, wewe nenda. Akisema utalipa ule uliokatwa, lipa ukate.

"Barasa," aliniambia, "mutu anakuonesha shati. Wewe omba kuona tumbo."

Alipoanza kujiamini tena alifanya jambo la hatari. Alimwita mchora vibao, akaandikisha kibao kikubwa mbele ya karakana, barabarani kabisa, kwa herufi nyekundu: PAPA BISIMWA, MILANGO NA MADIRISHA. MCHWA AKIKULA, NAACHA KAZI. Nilimwambia kwamba mafundi wengine huandika "Kazi safi, karibu wote", na inatosha. Akasema maneno hayo kila mtu anayo. Kiapo kile alikila na kanisani pia, mbele ya kwaya, na mzee yule hakuwa mtu wa kuapa mara mbili kwa jambo ambalo hakukusudia.

Kibao kilileta wateja, na kilileta vichaa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mengo alikuja kuchukua dirisha lake akiwa na mkebe wa kakao. Ndani ya mkebe kulikuwa na mchwa hai. Akawamwaga juu ya fremu, akaomba stuli, akakaa kuwatazama tangu saa tatu asubuhi, kofia kichwani, kama anayesimamia mtihani. Mchwa walitembea juu ya fremu, wakashuka upande wa pili, wakaelekea kwenye mguu wa stuli aliyoikalia. Saa tisa akasimama, akasema dirisha limefaulu, akalichukua. Stuli ile tuliichoma baada ya hapo.

Sasa naingia kwenye aibu yangu.

Alikuja mama mmoja wa Kyebando, Nnalongo, ambalo kwa Waganda ni jina la heshima la mama aliyezaa mapacha. Alikuwa mjane, anajenga nyumba ndogo kwenye kiwanja alichoachiwa na mumewe. Alitaka mlango wa mbele na madirisha matatu, na alisema amekuja kwa sababu ya kibao.

"Mimi nasoma ile maneno, nafurahi," alisema, kwa Kiswahili cha kwao ambacho "na" hutosha kwa mimi, wewe na yeye. "Hapo kwangu mchwa ni mingi sana. Mulango ya wengine nakufa mwaka moja."

Papa Bisimwa alikuwa na mazishi ya mwenzake wa kwaya, akanituma mimi Ndeeba. Sikuwa mwanafunzi tena, nilikuwa mtu mzima na watoto wawili, na nilikuwa nimekata mbao katikati mara mia. Mvua ilikuwa inanyesha. Muuzaji mmoja mwenye kibanda kipya akaniita niingie nijikinge, akanipa chai na chapati, akafuta benchi nikae. Kisha akanitazama nilivyoshika ubao, akasema kwa sauti ya kusikika na wenzake:

"Huyu si fundi. Huyu ni yinginia. Naona kwa mikono."

Hakuna aliyewahi kuniita injinia, hata mama yangu. Kila niliposema neno, alijibu "ndiyo, yinginia." Nilipoushika msumeno, akauliza kwa upole, "Yinginia pia nakata? Hiyo si ni ya hawa ambao hawajui?" Wenzake wakatikisa vichwa. Nami, vijana wangu, nikauweka msumeno chini. Nilipiga ubao kwa kidole, nikausikiliza, nikasema "hii iko sawa" kwa sauti nzito ambayo sikuwa nayo nyumbani. Chapati moja na cheo cha uongo, basi. Bado ninaona haya.

Jioni Papa aliniuliza, "Ulikata?"

"Nilikata."

"Tumbo?"

"Kijani mpaka ndani."

Akaridhika, kwa sababu aliniamini. Hilo ndilo lililokuja kunitesa baadaye.

Tukaufanya mlango. Fremu niliipeleka mwenyewe Kyebando nikaiweka, na hapo nikaongeza kosa la pili, maana mtu aliyeitwa injinia hupenda kwenda nyumbani mapema. Mnajua kwamba hata ubao wa dawa wa kweli, ukiukata utoshe, pale ulipokatwa pamebaki uchi, ni lazima upapake dawa tena kwa brashi mara mbili tatu. Sikupaka. Na miguu ya fremu haipaswi kugusa udongo, ikae juu ya zege. Zege ya Nnalongo ilikuwa haijafika, nikaisimamisha fremu kwenye udongo, nikasema wajenzi watamalizia. Wajenzi walimalizia kwa kuipiga plasta juu.

Miezi saba baadaye nilipita Kyebando kwa shughuli nyingine, nikaamua kupita kumsalimia Nnalongo. Nikaona mstari wa udongo, mwembamba kama kidole, unapanda pembeni mwa fremu. Nikaukwangua. Ndani walikuwamo, wanene, wana haraka. Nikaibonyeza fremu kwa kidole gumba, kidole kikaingia.

Nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Niliona kibao chekundu cha Papa Bisimwa. Niliona mzee wa miaka sitini na kitu anaweka randa chini kwa sababu ya chapati yangu. Hakuwa na kazi nyingine, hakuwa na shamba, hakuwa na kwao pa kurudi. Nikaapa kimoyomoyo kwamba nitaibadilisha fremu ile kabla yeye hajajua.

Shida ilikuwa Nnalongo. Alikuwa anashinda mlangoni. Nilienda mara ya kwanza nikasema nimekuja kupima mlango. Nikapima. Nilienda tena nikasema nimekuja kuhakikisha vipimo. Mara ya tatu nilisema bawaba za toleo lile zimeitwa zirudi. Mara ya nne, hata uongo ulikuwa umeniishia, nikatoa futi nikaanza kupima tu kimya kimya.

"Fundi," akasema, "kila wiki nakuja kupima. Mulango yangu naongezeka?"

Nikamwambia ukweli nusu. Nikasema fremu ina hitilafu kidogo, nataka kuitoa nimwekee mpya, bure, leo hii, na mbao ziko kwenye boda nje.

Nnalongo alisimama akaegemea fremu ile iliyooza, nikaogopa itamwangusha.

"Hapana," akasema. "Hii haitoki."

"Nnalongo, mchwa wanaikula."

"Najua. Si mimi ndiyo nakaa na wao?"

Akanieleza. Pale ilipo nyumba palikuwa na kichuguu, na kichuguu kile kilikuwa cha mumewe. Waganda wanakula kumbikumbi, wanawaita enswa, na mtu mwenye kichuguu kizuri ana heshima yake. Majirani hawasogei bila ruhusa. Mumewe alikilinda miaka yote, kila msimu wa mvua akakifunika kwa matawi na shuka kuukuu, akachimba kijishimo cha kuwanasa, akawakaanga yeye mwenyewe, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kushika kikaango. Alipokufa, wajenzi walikivunja kichuguu. Nnalongo alisema alilia kuliko alivyolia msibani. Sasa mvua za juzi zimenyesha, na enswa wametoka. Wametokea kwenye fremu yangu, kwenye tundu lililo chini ya bawaba, mamia kwa mamia, ndani ya sebule yake.

"Mulango yako nazaa," aliniambia, na macho yalikuwa yamejaa machozi. "Mzee wangu naludi kwa mulango. Wewe nataka kutoa?"

Mimi ni Mkristo na nina watoto, fremu ile singeitoa tena. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba asimwambie Papa Bisimwa. Akashangaa. Akasema kinyume chake, tayari ameshamtumia shukrani, asubuhi hiyo hiyo, kwa mwanawe Wasswa aliyekuwa anapita Makindye, karakana kwetu.

Sijawahi kumharakisha mwenye boda kama siku ile. Tulipofika karakana, Wasswa alikuwa ameshaondoka. Papa Bisimwa alikuwa amekaa kwenye benchi yake na bakuli magotini, bakuli limefunikwa nusu kwa jani la ndizi. Alikuwa anatafuna.

"Barasa, karibu," akasema. "Nnalongo ametutumia kumbikumbi. Hata Bukavu sijakula bitamu hivi. Kuja ule."

Nikala. Ningefanya nini? Walikuwa wa chumvi, wa mafuta, wazuri kweli, na kila mmoja alinipita kooni kama msumari. Tulikula tukafika nusu ya bakuli, naye anasifu, mimi jasho linanitoka. Mwishowe akauliza, kwa kupenda tu kujua, "Anabatosha wapi, hapa mujini?"

Nikamwambia. Nilimwambia walikotoka, na yote tangu mvua, chapati, yinginia, msumeno niliouweka chini, mpaka kidole gumba. Nilitaka anipige. Kwenye benchi kulikuwa na nyundo mbili na ningempa yoyote aliyoitaka.

Papa Bisimwa alimtazama kumbikumbi aliyekuwa amemshika kati ya vidole viwili. Alimtazama muda ule ule aliotazama ubao wa kwanza wa kijani.

"Kwa hiyo huyu amekula mulango yangu," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Na mimi ninamukula yeye."

Akamtia mdomoni, akatafuna mpaka mwisho. Akamaliza bakuli lote, hakubakisha hata mbawa. Kisha akafuta mikono, akachukua randa yake, akaifuta vumbi, akaiweka mbele yangu kwenye benchi.

Nikamwomba. Nikamwambia kosa ni langu, kiapo chake hakihusu uzembe wangu, kibao hakisemi mchwa akila kwa sababu ya mjinga fulani. Nikasema kesho nitasimama kanisani mbele ya kwaya nieleze.

"Kibao inasema mulango yangu," akanijibu. "Haikusema mulango ya Barasa. Ningeandika ya Barasa, hata mwezi tusingemaliza." Akacheka kweli, mimi nikalia kama mtoto.

Hakugusa chombo tena. Msidhani alikwenda mbali. Alikuja kila siku, akakaa kwenye kiti pembeni, akaniamuru kwa kidole. Nyinyi wakubwa mnamkumbuka hivyo, mkadhani ni mzee mvivu. Alishika kiapo mpaka kikawa kichekesho. Siku moja mguu wa kiti chake ulilegea, na nyundo ilikuwa hapo karibu na goti lake, lakini mimi nilikuwa Mengo nikifunga madirisha ya shule. Alikaa akiyumba siku mbili, mkono mmoja ameshika ukuta, akiwaambia wateja wangoje Barasa. Na kila ubao ulioingia karakana ile aliniambia nikate katikati nimwoneshe tumbo, hata ubao wa kutengenezea banda la kuku. Hakuniuliza tena "Ulikata?" Alisubiri aone.

Mlango wa Nnalongo ulibaki. Nilimbadilishia madirisha kwa mbao za dawa za kweli, na ncha zote nilizipaka dawa mara nne. Mlango wa mbele aliufunga kwa kamba usimwangukie mtu, akauachia mumewe, na wageni wote, hata mchungaji, wakawa wanapita jikoni. Kila msimu bakuli lilifika Makindye. Tulikula wawili.

Mwaka jana Papa Bisimwa aliugua. Nilipokaa karibu na kitanda nikamwambia asihofu kitu, siku ile ikifika nitamtengenezea sanduku la mbao zilizotiwa dawa, mchwa hatamsogelea miaka hamsini. Nilidhani namfariji. Akafungua macho.

"Sanduku yangu usitie dawa," akasema. "Nilibakula miaka yote. Na bo banikule."

Nikasema ndiyo, Papa, mchwa nao wapate zamu yao.

Alipokufa nilikwenda Ndeeba mwenyewe, na mgongo huu. Sikwenda kwa wauzaji ninaowaamini. Nilikwenda kwenye kibanda cha yule wa chapati. Amezeeka, hanikumbuki, lakini mtaji wake ni ule ule. Akanifutia benchi, akasema naonekana ni yinginia. Nikamuuliza kama mbao zake zina dawa. Akaapa mbele ya watu wote kwamba zimekunywa dawa mpaka kwa roho.

Nikachukua msumeno. Akauliza kama mtu kama mimi bado anakata. Nikasema ninakata. Niliukata ubao katikati, polepole, nikaviinua vipande viwili kwenye mwanga. Kijani ilikuwa juu juu, na ndani ulikuwa mweupe kabisa.

Yule bwana akaanza kutafuta maneno. Nikamwambia asihangaike, hizo ndizo ninazozitaka, nipe nane.

Nikazipeleka karakana. Mliniona siku ile, mkauliza kwa nini mzee anapiga randa mwenyewe wakati kuna mashine, na kwa nini randa ile kuukuu. Nilikuwa naitoa kijani kwa randa ya Papa. Nilipiga mpaka mbao zote zikawa nyeupe, na sikupaka kitu.

Mvua zimenyesha mara mbili tangu tumzike. Nadhani wameshafika.